Pale hewa inapopita: fleksibo ya chuma juu ya silingi

Niliwahi kupanda ngazi na kijiti cha udi mkononi, ndani ya ofisi moja ghorofa ya nne hapa Kampala, vijana wa kazi wakadhani mzee ameanza kufukiza majini. Nilikuwa nimetoa kigae kimoja cha silingi. Nikaingiza kichwa na mkono, nikawasha kile kijiti, nikasubiri. Moshi wa udi kwa kawaida hupanda wima kama uzi kabla haujavunjika. Huu haukupanda. Ulilala, ukapinda, ukaondoka mbio kuelekea upande wa korido, ilikofichwa mashine ya AC, kama vile kuna mtu anauvuta kwa mrija.

Kwa siku mbili tulikuwa tumebishana pale site kuhusu mabomba ya waya. Michoro ilitoka kwa wahandisi wa Marekani, kwa sababu mpangaji wa ghorofa ile alikuwa shirika la huko, nayo ilisema waziwazi: bomba la chuma linalopinda, lisilo na ganda la plastiki. Mkandarasi alikwisha kununua roli kadhaa za bomba la plastiki lenye mikunjo, lile jepesi tunalolifukia ukutani kila siku. Msimamizi naye akaja na la tatu, bomba la chuma lenye ganda la kijivu: ndani ni chuma, nje halipati kutu, tatizo liko wapi? Kila mmoja alikuwa na hoja yake. Hakuna aliyekuwa ameuliza swali la kwanza, ambalo udi ulilijibu kwa sekunde tano: hewa wanayovuta watu wa ofisi hii inapita humu au haipiti?

Tukubaliane majina kwanza. Fleksibo ninayoizungumzia ni ile ya chuma tupu: ukanda mwembamba wa chuma uliopakwa zinki, ukazungushwa kama chemchemi, kila mzunguko ukiuma ukingo wa mwenzake. Ukiikunja inalia kama mnyororo. Inapinda bila mashine, inavumilia mtetemo wa mota, na panya anaitafuna bure. Mafundi wazee wa Marekani huiita Greenfield. Sisi tunaiita fleksibo tu, na jina hilo hilo tunalipa bomba la plastiki lenye mikunjo na lile la chuma lenye ganda. Nusu ya ugomvi wetu ilitokana na neno moja kubebeshwa vitu vitatu.

Sasa mahali. Kanuni ya umeme ya Marekani, NEC, imetenga ibara ya 300.22 kwa waya zinazopita panapopita hewa, na inagawa mahali hapo mafungu matatu. Fungu la kwanza ni dakti, yaani njia za mabati za kupitishia hewa, zinazobeba vumbi, takataka nyepesi au mvuke unaowaka, pamoja na zile zinazovuta moshi na mafuta ya majiko ya biashara. Humo haingii waya wa aina yoyote, uwe ndani ya chuma au ndani ya dhahabu. Aliyewahi kufungua dakti ya jiko la hoteli akaona ukoko wa mafuta mzito kama lami hahitaji kuelezwa sababu.

Fungu la pili ni dakti ya mabati iliyotengenezwa maalumu kubeba hewa ya kupumua. Humo waya unaruhusiwa kuingia ikiwa tu unahudumia kifaa kinachoigusa hewa ile: dampa (kilango cha kufungua na kuzuia hewa) yenye mota, kipima joto, kinusa moshi. Hata hivyo fleksibo imewekewa kikomo cha mita 1.2, tena kwa kuunganisha kifaa ambacho lazima kisogezwesogezwe. Sababu iko kwenye maumbile yake. Zile pingili hazibani hewa. Waya ukiungua ndani yake, moshi utatokea kwenye kila mshono na kuingia moja kwa moja kwenye hewa inayosukumwa vyumbani. Ndiyo maana kwa safari ndefu ndani ya dakti hutakiwa bomba gumu la chuma au kebo yenye ala ya chuma isiyopenyeka.

Fungu la tatu ndilo linalotuhusu zaidi, na ndilo linalokosewa zaidi. Ni nafasi ambayo haikujengwa kuwa dakti lakini inafanya kazi ya dakti. Mfano mkubwa ni uwazi ulio kati ya silingi ya kuning'inia na zege la ghorofa ya juu, pale hewa ya ofisi inaponyonywa kupitia matundu ya silingi na kurudi kwenye mashine bila kupita kwenye bati lolote. Wahandisi huiita plenamu. Humo NEC inakubali fleksibo ya chuma tupu bila kile kikomo cha mita 1.2, pamoja na mabomba magumu ya chuma na kebo zenye ala ya chuma zisizo na ganda la plastiki. Plastiki ya kawaida haikubaliki.

Kwa hiyo bomba lile lile linakatazwa kabisa mahali pamoja, linapimwa kwa rula mahali pa pili, na linaachiwa mahali pa tatu. Ukimsikia fundi anasema “fleksibo inaruhusiwa kwenye hewa” na mwingine anasema “hairuhusiwi”, huenda wote wawili wamesoma ukurasa uleule.

Kwetu Uganda suala lina kona yake. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ofisi nyingi bado zinaishi kwa madirisha. Penye AC, mara nyingi ni split ya ukutani, inayovuta hewa ya chumba na kuirudisha chumbani humo humo. Juu ya silingi hakuna kinachopita isipokuwa mende. Kaseti, ile ya mraba inayochungulia kutoka silingini, nayo kwa kawaida huvuta kwa katikati na kupuliza kwa pembeni, yote kwa chini. Hapo kudai fleksibo ya chuma kwa sababu ya plenamu ni kumtia mteja hasara, na nimeona wakaguzi wageni wakifanya hivyo kwa kuamini kwamba kila silingi duniani ni plenamu.

Hatari iko kwenye mashine ya kufichwa, ile inayolazwa juu ya silingi ya korido, hasa kwenye mahoteli na ofisi za kisasa. Mbele yake kuna dakti safi inayopeleka hewa baridi vyumbani. Nyuma yake palitakiwa pawe na dakti ya kurudishia. Fundi wa AC, kwa kuokoa mabati au kwa sababu boriti lilimzuia, anaiacha nyuma ya mashine wazi na kutoboa tundu la wavu kwenye silingi. Mashine inafanya kazi vizuri. Mteja anashukuru. Lakini kuanzia siku hiyo uwazi wote ule umegeuka mapafu ya jengo, na kila kilichokuwamo tayari, kebo za intaneti, mabomba ya plastiki, boksi la mbao alilosahau seremala, kimo ndani ya mapafu hayo. Kwenye mchoro wa umeme hakuna kinachoonyesha mabadiliko hayo. Ndiyo maana mimi hutembea na udi. Kipande cha karatasi ya chooni kinafaa pia, lakini karatasi hudanganywa na mlango uliofunguliwa, udi hausemi uongo.

Watu huuliza: chuma kinasaidia nini, ikiwa waya ulio ndani yake umevikwa plastiki ile ile? Swali ni zuri. Fleksibo haifanyi waya usiungue. Inachofanya ni kuifungia ile plastiki isiwe kuni ya moto uliotoka kwingine, na kuizuia cheche ya ndani isipate kirahisi kitu cha kushika nje. PVC ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya haidrojeni, ambayo ikikutana na unyevu wa macho na koo inakuwa asidi. Kwenye chumba cha kawaida moshi huo unapanda, unajikusanya juu, na watu wana muda wa kuinama na kutoka. Kwenye plenamu kuna feni. Feni inauokota moshi kwenye kona ambayo hakuna mtu na kuugawa sawasawa kwenye kila meza, pengine kabla hata mtu hajasikia harufu. Mashine kubwa hufungwa kinusa moshi cha kuizima. Kwenye mashine ndogo za korido sikutani nacho mara nyingi.

Kisa kinachofundisha haya yote kwa pamoja kilitokea Las Vegas tarehe 21 Novemba 1980, kwenye hoteli ya MGM Grand. Walikufa watu 85. Moto wenyewe uliunguza zaidi chini, kwenye ukumbi wa kamari, lakini wengi wa waliokufa walikuwa ghorofa za juu, mbali na miale, wakauawa na moshi uliopanda kwa ngazi, kwa mashimo ya lifti, kwa nyufa za jengo na kwa mfumo wa hewa. Kinachomgusa fundi umeme ni chanzo. Wachunguzi walirudi nyuma hadi kwenye mgahawa mmoja, kwenye jokofu la vioo la kuonyeshea vitamutamu. Waya za jokofu hilo zilipita ukutani ndani ya bomba la chuma linalopinda, na bomba lenyewe ndilo lililotegemewa kuwa ethi, yaani njia ya kurudishia umeme uliovuja ili breka iruke. Mtetemo wa mashine uliendelea mwaka baada ya mwaka, ganda la waya likasagika, umeme ukagusa chuma, na ile njia ya ethi haikuwa na nguvu ya kuukata. Ukavuja na kupasha moto ndani ya ukuta, kimyakimya.

Ukiniuliza ni jambo gani moja la kujua kuhusu fleksibo, nitakwambia ni hili la ethi, hata kuliko la hewa. Tulifanyie hesabu, kwa umeme wetu wa volti 240.

Chukua breka ya amperi 20 ya aina C. Ili iruke papo hapo inahitaji amperi kati ya 100 na 200, kwa hiyo fundi mwangalifu huhesabia 200. Volti 240 gawanya kwa 200 unapata omu 1.2, omu ikiwa kipimo cha ukinzani wa njia ya umeme. Maana yake, njia nzima ya umeme wa hitilafu, kwenda na kurudi, isizidi hapo. Sasa weka fleksibo ndefu bila waya wa ethi. Umeme unalazimika kuzunguka pingili baada ya pingili, ukirukia kutoka ukingo hadi ukingo, na kila mwisho una kiungio kilichokazwa kwa skrubu moja. Siku ya kwanza inaweza kupita kipimo. Baada ya miaka sita ya unyevu na mtetemo, tuseme njia imefika omu 3. Umeme wa hitilafu ni amperi 80. Breka haiko tena kwenye kuruka papo hapo, inangoja ukanda wake wa joto upinde, sekunde baada ya sekunde. Wakati huo huo, kama omu 1 kati ya zile tatu imekaa kwenye kiungio kimoja chenye kutu, zidisha 80 kwa 80 kwa 1: wati 6,400. Hizo ni pasi sita za umeme zimebanwa kwenye kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, juu ya silingi, penye hewa inayopulizwa. Na hapo tumekuwa wapole. Njia ikifika omu 8, unapita umeme wa amperi 30 tu, na breka ya 20 inaweza kuuvumilia kwa dakika nyingi.

Wamarekani wanairuhusu fleksibo iwe ethi kwa masharti mafupi: breka isizidi amperi 20, viungio viwe vya kuthibitishwa, na urefu usizidi mita 1.8. Urefu huo ni jumla. Vipande viwili vya mita moja moja kwenye njia moja ya kurudi vimeshavuka. Na kama kifaa kinatetemeka au kinasogezwa, waya wa ethi ni lazima hata kwa urefu wa shubiri. Waingereza, ambao kanuni zao za BS 7671 ndizo zilizotulea, hawana masharti wala mjadala: bomba linalopinda halichaguliwi kuwa ethi, basi. Kwa hili mimi ni Mwingereza. Vuta waya wa kijani na njano ndani, kila mara, kila urefu. Hakuna kanuni itakayokulaumu kwa kuuweka.

Turudi kwa msimamizi wetu na bomba lake la ganda la kijivu. Hilo ni bomba zuri, na mahali pake panajulikana: pampu ya maji, kondensa iliyo juu ya paa, mashine inayooshwa kwa mpira. Chuma kinabeba nguvu, ganda la PVC linazuia maji. Lakini ndani ya plenamu ganda hilo ndilo tatizo, kwa kuwa sasa plastiki iko upande wa hewa na chuma kiko upande wa waya, kinyume kabisa cha tulichokuwa tunatafuta. Ni kama kuvaa koti la mvua chini ya shati.

“Lakini limeandikwa LSF,” alisema. Hapo ametumbukia kwenye mtego ambao hata wauzaji hutumbukia. LSF ni herufi za kibiashara za “moshi na mafusho machache”, na mara nyingi nyuma yake ni PVC iliyotiwa dawa ipunguze moshi. Bado ina klorini, bado itatoa asidi. LSZH ni kitu kingine: haina klorini wala ndugu zake, na inapimwa kwa viwango vya IEC 60754 kwa asidi na IEC 61034 kwa moshi. Ukienda maduka ya katikati ya mji utakuta roli mbili zimelala bega kwa bega, rangi moja, na muuza duka atakwambia ni zile zile. Soma maandishi kwenye ganda, usisome uso wa muuzaji.

Na bado hujamaliza, kwa sababu LSZH ya Ulaya nayo haigeuki kuwa kebo ya plenamu ya Marekani. Kebo za mtandao za plenamu, zenye alama ya CMP, hupita mtihani wa NFPA 262: zinalazwa ndani ya handaki la mita 7.6, upepo unapulizwa juu yake, zinaunguzwa kwa dakika 20, na mwali hautakiwi kusafiri zaidi ya kama mita moja na nusu, huku moshi ukipimwa kwa taa. Mtihani huo hauulizi kama kuna asidi. Kebo nyingi za CMP zina waya zilizovikwa plastiki yenye florini, ambayo ni ngumu sana kuwaka lakini kwa kipimo cha LSZH ingeanguka asubuhi. Upande mmoja unaogopa mwali na giza la moshi, upande wa pili unaogopa sumu. Ndiyo maana kumwambia mhandisi wa Marekani “tumeweka LSZH, ni bora zaidi” hakumtulizi, na yeye kukwambia “weka CMP” hakumalizi hofu ya mwenzake wa London. Uliza mkataba unafuata kitabu gani, ununue kwa kitabu hicho. Hili halihusu kebo peke yake. Hata zile tai za nailoni za kufungia nyaya, zikikaa kwenye plenamu, kwa kitabu cha Marekani zinatakiwa ziwe za aina iliyothibitishwa kwa kazi hiyo.

Kitabu cha Waingereza hakina ibara moja inayofanana na 300.22, na hapo ndipo mafundi wetu waliosoma Kiingereza-Kiingereza hupotea wakikutana na michoro ya Marekani. Kina jambo jingine ambalo sisi tunalivunja kila siku. Aprili 2010, kwenye jengo la Shirley Towers huko Southampton, wazimamoto wawili walikufa, na kebo zilizokuwa zimeanguka kutoka juu baada ya plastiki iliyozishika kuyeyuka ziliwanasa. Toleo la 2018 la BS 7671 likataka kebo katika jengo lote zishikiliwe na kitu kisichoporomoka mapema kwenye moto. Maana yake vishikizo vya chuma. Sasa panda ngazi kwenye ofisi yoyote mjini, inua kigae, uone nyaya zimelala juu ya fremu ya silingi kama nguo kwenye kamba. Silingi ya jipsam ikianguka, zote zinakuja nayo, kichwani mwa mtu anayetambaa gizani.

Kwa fleksibo yenyewe, NEC inataka ishikwe ndani ya sentimita 30 kutoka kila boksi, na baada ya hapo kila mita 1.4. Kona zote kati ya boksi na boksi zisizidi nyuzi 360 kwa jumla, maana fleksibo inakushawishi kuipitisha popote, halafu siku ya kuvuta waya inakulipa. Ukikata, kata pingili moja tu kwa mshazari kwa msumeno wa chuma, kisha zungusha mkono ivunjike yenyewe. Anayekata moja kwa moja kama muwa huacha meno, na meno hayo ndiyo yanayochuna waya unapovutwa. Pitisha kidole ndani ya mdomo wa bomba, taratibu. Kama kidole chako hakitaki kuingia tena, waya nao haukutaka.

Kuhusu unyevu nitasema machache. Fleksibo tupu si ya mahali pa maji. Kandokando ya Ziwa Nyanza hewa ina unyevu wa kutosha kuzilowesha dakti baridi zisizovikwa vizuri, na fleksibo iliyolazwa chini yake hunywa matone kwenye kila mshono. Ipitishe juu ya dakti au pembeni.

Mwisho, nani anaamua? Nchini kwetu kazi ya wayaringi ni ya mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, cha daraja linalolingana na kazi, na mchoro wa mteja hauondoi sheria hiyo. Lakini mkataba ukisema NEC, basi utaipima kazi kwa NEC juu ya matakwa ya nyumbani, ukichukua lililo kali zaidi kila yanapogongana. Kinachoharibu ni saladi: urefu wa Kimarekani, ethi ya Kiingereza iliyosahauliwa, na kebo ya bei ya mwisho wa mwezi.

Pale ghorofa ya nne tulikaa chini mimi, msimamizi na fundi wa AC, ambaye mwanzoni alisema silingi haimhusu. Nilimpa udi ashike mwenyewe. Alitazama moshi ukikimbilia mashine yake, akakuna kichwa, akakiri kwamba dakti ya kurudishia ilikuwamo kwenye mchoro wake na iliondolewa ili kupitisha bomba la maji machafu. Tukapiga hesabu mbili. Ya kwanza, kung'oa mabomba yote ya plastiki pamoja na kebo za mtandao za ghorofa nzima. Ya pili, kumwita fundi mabati wa Katwe aikunje dakti ipite chini ya bomba la maji, na kuyafunga matundu yote ya silingi yasiyo na kazi. Ya pili ilikuwa nafuu kwa mbali. Wahandisi wa Marekani waliikubali kwa maandishi, kwa sharti kwamba vipande vya kuingia kwenye mashine zenyewe viwe fleksibo ya chuma tupu, vifupi, na waya wa ethi ndani.

Wiki tatu baadaye nilipanda ngazi ile ile. Mashine ilikuwa inanguruma, wavu wa korido unavuta. Nikawasha udi juu ya silingi. Moshi ulipanda wima, uzi mmoja, ukagonga zege na kutawanyika taratibu.

“Mzee,” kijana aliyeshika ngazi akauliza kutoka chini, “kwa hiyo wameondoka?”